Mbaazi za Bhagamma na Mafuta ya Mwarobaini

Nyumba yangu na nyumba ya Bhagamma zinatumia ukuta mmoja. Akikohoa, nasikia. Akianza kupiga mikate ya mtama alfajiri, pa, pa, pa, na mimi naamka nikoke moto. Kwa hiyo haya ninayowasimulia sikuletewa na mtu. Mengine niliyasikia ukutani, mengine niliyaona shambani kwa macho yangu.

Sisi watu wa kijiji cha Hirekallur tunalima mbaazi. Udongo wetu ni mweusi. Mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia. Mbaazi zikikubali, tunakula na kuuza. Zikikataa, tunafunga milango na kupanda basi la Pune, mji wa mbali, kwenda kubeba matofali. Hatuna njia ya tatu. Kama ipo, hatujaonyeshwa.

Bhagamma ni mjane. Wakati huo aliishi na mwanawe Shivaraya, mkwewe Mahadevi, na mjukuu wake Danamma, ambaye alikuwa hajaanza shule. Shivaraya alikuwa mtu wa utani. Hata ng'ombe aliwapa majina ya wanasiasa. Lakini mwaka mmoja alichanganya dawa mbili za dukani katika bomba moja, kama tulivyofanya wengi, akaenda kupulizia viwavi. Alikwenda miguu mitupu. Hakufunga kitambaa usoni. Upepo ukawa unamrudishia dawa yake mwenyewe. Jioni tulimkuta ameanguka katikati ya mistari, povu limemtoka mdomoni.

Hospitali walimwokoa, lakini mikono yake haikupona. Ilibaki kutetemeka. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Utani ukaisha. Akawa anakaa barazani, anaitazama ile mikono kama mali ya mtu mwingine.

Siku alipotoka hospitali, Bhagamma alisema sumu ya dukani haitaingia tena nyumbani kwake. Hakuna aliyembishia. Lakini viwavi hawakusikia kiapo hicho. Msimu uliofuata, mbaazi zilipoanza kuchanua, Mahadevi alilala na kuamka na swali moja tu: mbaazi hizi zitalindwa na nini?

Aliposikia kwamba bibi shamba anafundisha wanawake katika kijiji cha jirani, alikwenda kwa miguu. Alirudi na kidumu cha mafuta ya mwarobaini. Yananuka, Mungu nisamehe, harufu ilipita mpaka kwangu. Siku ya pili bibi shamba mwenyewe alikuja. Jina lake Renuka, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole. Alituinamisha shambani, akatuonyesha mayai ya nondo juu ya vitumba vya maua. Yalikuwa meupe, madogo kama chembe ya chumvi. Miaka yote nimelima mbaazi, nilikuwa sijawahi kuyaona. Nilikuwa nangoja mpaka kiwavi anitolee kichwa kwenye ganda.

Renuka akasema huu ndio wakati wa kupulizia, mayai yakiwa yanaanguliwa. Kiwavi akishaingia ndani ya ganda, mafuta hayamfikii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema.

Mahadevi alikuwa ameshabeba bomba mgongoni Bhagamma alipotokea.

"Bomba hilo lina nini?"

"Mafuta ya mwarobaini, mama."

"Unataka kumnywesha mwarobaini mama mwenye mimba?"

Sote tulimwelewa. Kwetu sisi, mbaazi zikichanua, shamba limepata mimba. Linabaki hivyo mpaka Sikukuu ya Ufuta, siku mwezi usipoonekana, tunapokwenda shambani na vyakula vitamu kulilisha, kama anavyolishwa mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Na mwarobaini, kila mwanamke wa hapa anajua, ukinywewa unatoa mimba. Hata binti asiyevunja ungo anaonywa. Kumpa mja mzito kitu kichungu ni kumtakia mabaya.

Renuka alijaribu kueleza. Bhagamma akamkata.

"Una watoto wangapi, binti?"

"Sijaolewa, mama."

"Basi usinifundishe mimba."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Renuka alichukua baiskeli yake akaondoka.

Jioni ile nikasikia Mahadevi anabembeleza upande wa pili wa ukuta. Alisema mikono ya mumewe ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba, na sasa haipo. Alisema mbaazi zikiliwa wataondoka wote. Bhagamma akasema jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema.

"Kabla ya Shivaraya nilikuwa na mimba kubwa. Nikashikwa na homa. Mama mkwe akanipikia mwarobaini, kikombe kizima. Hakuwa na nia mbaya, alitaka homa ishuke. Mtoto alikuwa wa kike, Mahadevi. Nilimwona mpaka vidole."

Baadaye nikasikia kidumu kikiburutwa na kuwekwa nyuma ya magunia.

Sijui kama ni mwarobaini au ni homa iliyomtoa mtoto yule. Nani atajua sasa? Lakini nililia kwenye jiko langu, na sikumcheka tena Bhagamma.

Basi wakangoja sikukuu. Kila asubuhi Mahadevi alitandika sari kuukuu chini ya mbaazi na kutikisa matawi. Viwavi wakaanguka, Danamma akawakusanya awape kuku. Hilo Bhagamma hakulikataza. Kutikisa kunasaidia, lakini shamba ni kubwa na mwanamke ni mmoja. Shivaraya alijaribu kushika tawi, likamponyoka. Akarudi kukaa barazani.

Ukungu ukaja, baridi ikaja, sikukuu ikafika. Tulifunga ng'ombe kwenye mikokoteni tukaenda mashambani na mikate ya uwele yenye ufuta, mboga za kuchanganya, wali wa maziwa mgando na vitamu vya sukari guru. Bhagamma alizunguka shamba akirusha chakula huku na huku, akiita baraka kama ilivyo desturi. Mahadevi hakula. Alichuma ganda moja akalifungua. Ndani mlikuwa na kiwavi mnene, na mavi yake, na nusu ya mbaazi moja. Akafungua la pili. Akafungua la tatu, akaacha.

Kesho yake, saa jua limesimama utosini, alitoa kile kidumu. Alikuwa na hasira. Alimimina mafuta kwenye maji mara mbili ya kipimo alichofundishwa. Hakutia sabuni. Mafuta yakaelea juu, maji yakabaki chini, akapuliza hivyo hivyo. Majani yaliyopata mafuta yakaungua yakawa na madoa ya kahawia. Majani yaliyopata maji hayakupata kitu. Viwavi ndani ya maganda waliendelea kula. La kuvunda halina ubani.

"Umeona?" Bhagamma alisema. "Imetoka mimba."

Mahadevi alilitupa bomba chini. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji.

Walipopura, mbaazi zilikuwa kidogo, na nyingi zilikuwa ganda tupu na vumbi. Basi la Pune lilipokuja, Shivaraya alipanda. Kwa mikono ile hangeweza matofali, lakini msimamizi mmoja alikubali alinde simenti. Bhagamma alishika mwimo wa mlango mpaka basi likapotea. Nadhani alijua kila mtu kijijini anawaza nini. Mwana mgonjwa amekwenda kulala kwenye saruji ya watu, kwa sababu ya mbaazi.

Mvua zilipoanza, Shivaraya hakurudi. Alipiga simu. Mahadevi aliweka sauti ya juu ili mama naye asikie, na mimi nikasikia. Alisema anakula mara moja kwa siku. Alisema hawezi kurudi kuwa mdomo wa bure. "Mbaazi zikijibu, nitakuja. Zikikataa tena, Mahadevi, funga mlango uje na mtoto. Mama atabaki na majirani."

Bhagamma aliinuka akaenda kukaa na mbuzi.

Mwezi ule matunda ya mwarobaini yalikuwa yanaanguka, ya njano, yamejaa njiani. Mahadevi akawa anainama kuokota. Watu walimtania. Mmoja akamwuliza kama anapika mchuzi. Mwingine akasema aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ongo, lakini huyu ameumwa anarudi kumtekenya nyoka. Yeye aliokota tu. Alisugua nyama ya tunda ikatoka, akaosha mbegu, akazianika kivulini, maana juani nguvu yake inapungua. Zilipokauka alizipeleka kwa mkamua mafuta. Alimwomba asizikaange kwanza kama anavyofanya kwa mafuta ya taa za ibada, kwa kuwa moto nao unaua ile nguvu. Akarudi na kidumu, akakiweka penye giza.

Bhagamma aliona yote hayo. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mbaazi zilipoanza kutoa vitumba, Renuka alikuja tena. Sikutegemea. Mimi ningechekwa vile, nisingerudi. Alimkuta Bhagamma amekaa ukingoni mwa shamba, akamsalimu kwa kumgusa miguu, akaomba kukaa. Mimi nilikuwa nakata nyasi pale karibu. Sawa, nilikuwa nasikiliza.

Bhagamma ndiye aliyeanza. "Binti, haya mafuta yenu. Mbaazi inayanywa?"

"Hapana, mama. Yanabaki juu ya jani na juu ya ua, nje. Siku chache tu, jua linayamaliza. Ndiyo maana tunarudia."

"Sasa nani anayeyaonja?"

"Nondo anakuja jioni kutaga. Akikuta uchungu, wengi wanakwenda kwingine. Yai likianguliwa, kiwavi mdogo anauma jani, anaumia tumbo, anaacha kula. Hawezi hata kujivua gamba akue. Hafi siku hiyo hiyo, mama. Asikudanganye mtu. Anadhoofu, halafu anakufa. Lakini lazima awe mdogo. Yule mnene aliye ndani ya ganda anatucheka."

Bhagamma alichezea udongo kwa vidole. Nilidhani amemaliza. Kisha akamwita mkwewe.

"Mahadevi. Danamma alipozaliwa, nani alifunga matawi ya mwarobaini mlangoni?"

"Wewe, mama."

"Kwa nini?"

"Maradhi yasiingie kwa mzazi."

"Uliyala?"

"Sikuyala."

"Basi." Alivuta pumzi. "Mlangoni, si mdomoni. Mimi walinitia mdomoni." Akafuta macho kwa ncha ya sari, bila kujificha. "Fungeni mlangoni. Lakini nataka kuona mnavyofanya."

Wakangoja jua lilegee, nyuki warudi kwao. Renuka akamwonyesha Mahadevi upya, taratibu, naye Bhagamma amesimama juu yao kama askari. Kwanza sabuni ya maji kidogo na mafuta ndani ya kopo, na maji ya uvuguvugu kidogo. Koroga sana mpaka iwe nyeupe kama maziwa. Ukiona mafuta yanaelea, hujakoroga. Hapo ndipo unaongeza maji. Kwa kila lita ya maji, mafuta kijiko kimoja kidogo cha chai. Ukizidisha, unaunguza majani, na Mahadevi hakuhitaji kuambiwa hilo mara mbili. Ukitembea, tikisa bomba, yasijitenge tena. Puliza vitumba, maua, na majani juu na chini. Upepo uwe mgongoni. Funga kitambaa usoni na uvae viatu, hata kama si sumu ya dukani, maana macho ni macho. Ukimaliza, nawa, na ufue ulichovaa.

Mahadevi alijifunga kitambaa. Bhagamma alilirekebisha lile fundo kwa nyuma, akalikaza kupita kiasi. Nadhani alikuwa anamwona mwanawe.

Asubuhi Bhagamma aliwahi shambani kuliko wote. Alikwenda kutazama kama mimba imetoka. Maua yaliyoanguka aliyaokota akayaweka kiganjani. Kisha akaja kwenye shamba langu, ambalo halikupulizwa kitu, akaokota na ya kwangu. Viganja viwili vilikuwa sawasawa. Mbaazi huangusha maua yake kila mwaka, kwa baridi na ukungu, na kila mwaka tulikuwa tunatafuta wa kumlaumu.

"Mama Chenna," aliniambia, "na wewe pulizia. Mafuta yapo."

Nilimpelekea mume wangu habari. Akasema tungoje sikukuu, halafu atanunua kitu cha nguvu mjini. Tukangoja.

Mahadevi alirudia baada ya wiki, kwa kuwa maua mapya yalikuwa yanafunguka na nondo hawana likizo. Akarudia tena kabla maganda hayajakomaa. Katikati alitikisa matawi juu ya sari, akaangusha wale wakubwa waliopona. Mafuta hayakumaliza viwavi wote. Renuka hakuahidi hivyo. Maganda mengine yalitobolewa. Lakini ukifungua ganda, mara nyingi ulikuta mbaazi nzima, zimekaa kwa mstari.

Sikukuu ilipofika, Shivaraya alikuja. Alishuka kwenye basi amekonda mpaka Danamma akajificha nyuma ya bibi yake. Walikwenda shambani na chakula, nasi tukaenda kwenye letu. Niliwaona kwa mbali. Alijaribu kula, wali ukamwagika kwenye nguo. Bhagamma alisogea, akafinyanga tonge, akamlisha mwanawe mtu mzima mbele ya kila mtu. Hakuna aliyecheka. Mahadevi alifungua ganda akalishika mbele ya macho ya mumewe, na Shivaraya akalitazama muda mrefu.

Kwenye shamba letu mume wangu alifungua ganda, akalitupa.

Tulipopura, ghala la Bhagamma lilikuwa na mbaazi za kula, za kuuza, na za mbegu. Letu lilikuwa na makapi. Kisha basi la Pune likaja, na wakala wake akapita nyumba kwa nyumba kukusanya watu. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshafungwa, na ya kwangu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya basi, kwenye kiti cha dirishani, furushi mapajani, wakala alipogonga mlango wa Bhagamma na kumwita Shivaraya.

Bhagamma ndiye aliyetoka. "Haendi. Kuna mbaazi za kupepeta."

"Kwa mikono ile, mama? Atapepetaje?"

"Ungo unataka nini? Unataka kutikiswa."

Ndani ya nyumba Shivaraya alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ile ya povu. Ndani ya basi hakuna aliyecheka, kila mtu ana lake. Bhagamma alikuja mpaka dirishani kwangu. Nilimpa ufunguo wa nyumba yangu anitazamie. Aliupokea akaufunga kwenye ncha ya sari.

"Mwarobaini unaangusha matunda mvua za kwanza," alisema. "Usichelewe."

Pune sitaisimulia. Nilibeba matofali, mume wangu akabeba matofali, mgongo wangu haujanyooka mpaka leo. Mikono ya Shivaraya nayo haikupona, wala haitapona. Lakini mvua zilipoanza tulirudi. Nilimkuta Bhagamma na Mahadevi wameinama chini ya miti, njia yote imejaa matunda ya njano. Bhagamma alianza kufungua fundo la sari anipe ufunguo wangu. Nikamwambia ufunguo utangoja, nipe ndoo kwanza niokote.